Sloti ipi? Uliza kabla ya kufunga safari

Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea kama fundi wa kompyuta hapa Moshi, mteja wa Arusha alinipigia simu akalalamika kwamba kompyuta mpakato yake imekuwa nzito, na kwamba fundi aliyewahi kuifungua alimwambia "sloti moja iko wazi". Kwa kuwa wiki nzima nilikuwa nikibadilisha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nilisikia RAM. Nilinunua ya GB 8, nikapanda gari, kilomita 80 hivi, na nilipofungua mfuniko nikakuta sehemu zote mbili za RAM zimejaa. Iliyokuwa wazi ni sloti ya M.2, ule mwanya mwembamba wa kuchomekea diski ya SSD. Nauli ilitoka mfukoni mwangu.

Tangu hapo sikubali neno hilo lipite peke yake. Kwa mwenye simu, sloti ni kitundu cha laini. Kwa karani anayepanga miadi, ni saa ambayo haijachukuliwa. Na wapo ambao ukiitaja tu wanawaza dubwi linalomeza sarafu. Kote huko ni mahali palipoandaliwa kupokea kitu fulani, si kitu chochote.

Kwenye RAM ubishi ni mfupi: mkato wa DDR3 na wa DDR4, ambavyo ni vizazi viwili vya RAM, hauko mahali pamoja, kwa hiyo ikigoma kuingia usiilazimishe. M.2 ndiyo yenye hila. Nilirudi Arusha na SSD ya aina ya NVMe, ikaingia vizuri, nikakaza skrubu, nikawasha, na kompyuta haikuiona kabisa, kwa sababu sloti ile ilipokea SATA pekee, njia ya zamani zaidi ya diski kuwasiliana na kompyuta, na umbo lake halikunionya. Soma kwanza namba ya modeli chini ya kompyuta, tafuta mwongozo wa mtengenezaji, uhakikishe sloti inapokea SATA, NVMe au zote mbili, ndipo utoe hela. Hata kwenye kompyuta ya mezani, sloti ya PCIe, ya kuchomekea kadi kama ya picha, yenye urefu wa x16 (njia 16 za data) huweza kuwa imeunganishwa kwa x4 tu (njia nne). Kadi itafanya kazi, ila kwa kasi pungufu.

Katika programu, sloti haishikiki. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016, Android inaruhusu simu kuwa na sloti A na B, yaani nakala mbili za mfumo: unatumia moja huku sasisho likiandikwa kwenye nyingine, na mpya ikigoma kuwaka, simu hurudi kwenye ya zamani. Kijana mmoja aliniletea simu aliyoiwekea mfumo mara tatu bila kuona badiliko lolote. Alikuwa akiandika kwenye A, simu inawakia B.

Siku hizi mteja akinitajia sloti, namwomba azime kompyuta, achomoe chaji, afungue mfuniko na kunitumia picha pamoja na namba ya modeli. Asiye na bisibisi namwambia aje nayo.