Ukibishania maana ya neno la Kiingereza, njoo na tarehe

Msomaji mmoja wa Kakamega ameniandikia kwamba wenzake kazini wamemwita mshamba kwa sababu ya neno "disinterested". Alimaanisha mtu asiye na hamu na jambo. Wakamwambia neno hilo ni la hakimu asiyependelea upande wowote, basi. Pole sana, dada. Moto huo nimeupitia hapa Kisumu, na mwezi uliopita nimeushinda.

Tulikuwa kwenye mdahalo wa jioni. Wakili mmoja mzee, mtu tunayemheshimu, akanikatiza mbele ya watu: "Kijana, hicho ni Kiingereza kibovu cha siku hizi." Watu wakacheka. Kicheko hicho nakijua tangu shule ya upili, mwalimu aliponisimamisha darasani kwa neno nililolitumia sawasawa. Hadi leo kinaniuma. Safari hii sikunyamaza. "Wakili, kwa heshima zako, siku hizi zilianza lini?" Nikafungua kamusi kubwa ya Oxford, ile iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika 1928. Chini ya kila maana imepanga sentensi za waandishi kwa miaka. Maana ya kukosa hamu imo tangu karne ya 17, kwa John Donne, mshairi na kasisi wa London. Ile ya kutopendelea ilikuja baadaye kidogo. Mzee akasoma, akasoma tena, kisha akaniuliza kamusi hiyo ataipata wapi. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa kifua mbele.

Kwa hiyo usibishe kwa kumbukumbu za darasani. Kamusi ndogo hukupa maana ya leo, haikuambii ilianza lini. Mwenzako naye mdai sentensi nzima ya mwandishi, pamoja na mwaka wake. Wala usikubali anayeng'ang'ania asili: "nice" imetoka kwenye neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu, na hakuna anayetukanwa nalo leo.

Tumelelewa tukiogopa Kiingereza kama mtihani usioisha. Tuache! Lugha tunayoifanyia kazi kila siku tuna haki ya kuichunguza, na anayekucheka bila kufungua kamusi hastahili machozi yako.

Ila kwenye barua ya kazi au hati ya mahakama, dada, andika "uninterested" kwa asiye na hamu. Huko msomaji hakupi nafasi ya kujitetea.