Nikibadilisha miguu kamba inaninasa, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 24, niko Mwanza. Kuruka kamba kwa miguu yote miwili pamoja nafika hata mara 100 sijakosea, ila nikijaribu kubadilisha mguu mmoja mmoja kama mabondia inaninasa hapo hapo, mara kidoleni mara kisiginoni. Na sikuhizi miundi inaniuma. Au miguu yangu mizito?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mtu anayefika 100 hana miguu mizito, hilo ondoa kabisa kichwani. Shida ni kwamba unafundisha mikono na miguu kitu kipya kwa wakati mmoja.

Kwanza weka kamba chini. Uzito wote upeleke mguu wa kulia, wa kushoto uguse tu ardhi kwa vidole, ruka kidogo, hamisha. Hiyo ndo staili ya mabondia, na ndo mana bondia anamaliza raundi ya dakika 3 bado yuko fresh, mguu mmoja unafanya kazi mwenzie anapumzika.

Ukizoea shika vishikio vyote viwili kwa mkono mmoja, zungusha kamba pembeni yako huku miguu inabadilishana, na hapa tumia masikio kuliko macho, kamba ikigonga chini ta! wewe uwe hewani, ta! hewani, ta! hewani. Fanya hivyo siku tatu nne, badilisha na mkono, usikimbilie kuingia ndani ya kamba. Wengi wanaruka hatua hii wakiona ya kitoto, na kwangu mimi ndo hatua yenyewe.

Siku ya kuingia anza na miguu pamoja mara 8, badilisha mara 4, rudi pamoja.

Sasa kunaswa. Ikinasa kidoleni angalia mikono, ukiwaza miguu mikono inafunguka kwenda nje na kamba inakuwa fupi, viwiko vikae karibu na mbavu, kinachozunguka ni kifundo cha mkono. Ikinasa kisiginoni ujue unarusha mguu nyuma kama anayekimbia, usirushe, sentimita 2 au 3 kutoka chini zinatosha. Na urefu, kanyaga kamba katikati kwa mguu mmoja, vishikio vifike kwapani. Zile za katani tulizoruka uani utotoni ni nyepesi, husikii iko wapi, tafuta ya plastiki yenye uzito kidogo.

Miundi naomba usiipuuze. Mara nyingi ni sakafu ya sementi na kuongeza mazoezi haraka. Pumzika mpaka maumivu yaishe ndo urudi, kwenye udongo ulioshikana au mkeka wa mazoezi, raba zenye soli laini, dakika 5 kwa siku kwanza. Ukibonyeza sehemu moja ya mfupa ikauma sana, au unauma hata ukiwa umepumzika, nenda hospitali kabla hujashika kamba tena, mfupa unaweza kuwa umeanza ufa.

Staili ya kubadilisha miguu ikikaa sawa ndo ujaribu kuruka kulia kushoto miguu ikiwa pamoja, halafu mkasi, mguu mmoja mbele mmoja nyuma.