Usiitoboe boila ya babu

Mdogo wangu, umesema injini ndogo ya mvuke ya babu yako hapo Ngamiani, Tanga, imeganda, nawe unataka kuitoboa boila, yaani tangi lake la kuchemshia maji, uongeze filimbi. Nakusihi, usiitoboe. Boila nyingi za zamani za aina hiyo zimeungwa kwa lehemu ya bati na risasi, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Maji yakiwa ndani yanailinda. Yakikauka moto ungali unawaka, viungo vinaachia. Shimo jipya linaongeza udhaifu mwingine.

Pistoni usiilazimishe kwa koleo. Idondoshee mafuta ya cherehani, uiache usiku kucha, kisha zungusha gurudumu taratibu kwa kidole. Vali ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, nunua mpya, maana springi ya zamani huganda kwa kutu, na hewa yetu ya chumvi haina huruma.

Kabla ya moto, ijaribu boila: ijaze maji pomoni, kisha ongeza shinikizo kwa pampu ya mkono yenye geji ya kulipima. Usitumie upepo: maji hayabanwi, kwa hiyo boila ikipasuka itavuja tu. Baadaye tumia maji ya mvua, siyo ya kisima.

Rangi yake ya asili iache, hata iliyobanduka. Ndiyo aliyoishika babu.