Barua kwa mwanangu: wiki yenye tano mbili

Mwanangu mpenzi,

Swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema umeanza kukusanya mambo ya "je, wajua" kwenye simu, umepita mistari mia nne, lakini ukiambiwa utaje moja tu, hulipati. Unauliza kama kumbukumbu yako ina kasoro. Haina. Umeweka akiba ya majibu ya maswali ambayo hukuwahi kujiuliza, na jibu la namna hiyo halina pa kushikia.

Anza na vitu unavyovigusa au kuvitamka kila siku. Taja siku polepole: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mosi, pili, tatu, nne, tano. Inayofuata ni Alhamisi, na hilo ni neno la Kiarabu lenye maana ya "ya tano". Wiki yetu ina siku za tano mbili, tena zimefuatana! Ni hesabu mbili zilizokutana njiani: moja inaanza kuhesabu siku inayofuata Ijumaa, nyingine inaanza Jumapili. Dondoo kama hii huisahau, maana kila wiki inakupitia mdomoni. Ndiyo furaha yenyewe ninayotaka uionje: kitu ulichokizoea mpaka hukioni tena, ghafla kinafunguka.

Karatasi ya A4 nayo. Chukua mbili. Ya kwanza ikunje kutoka kwenye pembe, upande mfupi ulale sawasawa juu ya upande mrefu. Mkunjo utakaopatikana umelala mshazari. Sasa pima urefu wake kwa upande mrefu wa karatasi ya pili: vinalingana. Hiyo si bahati. A4 ina milimita 210 kwa 297, na uwiano huo umechaguliwa ili ukiikata katikati upate A5 yenye umbo lilelile, na ukiunganisha mbili upate A3 yenye umbo lilelile. Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg aliusifu uwiano huo katika barua ya mwaka 1786. Ujerumani ikaufanya kipimo rasmi mwaka 1922. Karatasi kubwa kuliko zote katika mfululizo huo wa A, yaani A0, ina eneo la mita mraba moja, nayo inatoa A4 kumi na sita. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa gramu 80 (maana yake gramu 80 kwa kila mita mraba) ina uzito wa gramu 5 kwa kila A4. Rimu la karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Liweke kwenye mizani uone. Jambo moja dogo limekupa umbo, historia na uzito, na hakuna ulichokariri. Kila kipande kinamvuta mwenzake.

Sasa kuandika. Kila dondoo lipe mambo manne: jambo lenyewe kwa sentensi moja, sababu yake, ulikolipata, na tarehe. Acha nusu ya ukurasa wazi kwa marekebisho, kwa kuwa yatakuja. Ulichokijaribu kwa mikono yako kiwekee tiki. Ambacho hujathibitisha, duara. Matatu kwa wiki yanatosha kabisa. Mwisho wa wiki fungua kurasa za nyuma, chagua matano, soma sentensi ya kwanza tu, kisha ueleze sababu kwa sauti bila kuchungulia. Lililokushinda mara tatu lifute bila huruma. Hiyo mistari mia nne nayo ipitishe hapo hapo. Ukibakiwa na thelathini, umepata mkusanyiko.

Mahali panapoharibika zaidi ni kwenye sababu. Watu hulipata jambo la kweli, kisha wakalibandika sababu inayosikika vizuri. Vidole hukunjamana vikikaa majini: kweli. Sababu inayotajwa ni kwamba ngozi imenywa maji. Lakini kidole kilichokatika mishipa ya fahamu hakikunjamani ipasavyo hata ukikiloweka muda mrefu. Maana yake ni mwili wenyewe unaotoa amri: mishipa midogo ya damu kwenye ncha za vidole inajibana, nyama ya chini inapungua, ngozi inabonyea. Usipoijua sababu, acha pengo. Pengo ni bora kuliko kubahatisha, kwa sababu siku ukilisoma tena litakuuma mpaka utafute.

Ogopa pia hadithi inayosahihisha uongo. Utasikia kwamba spinachi ilisifiwa kwa madini ya chuma kwa sababu mtaalamu wa karne ya 19 alikosea nukta ya desimali, kiasi kikaonekana mara kumi. Hadithi tamu, na wanaoisimulia zaidi ni watu makini. Mwaka 2010 ikafuatiliwa mpaka kwenye maandishi ya mwanzo, na ushahidi wa kosa hilo la nukta haukupatikana. Anayesahihisha naye aulizwe alikotoa.

Na kuna dondoo lenye nusu ya ukweli. Namba tatu za mwanzo chini ya msimbopau, ile mistari myeusi kwenye bidhaa, wengi huamini zinaonyesha nchi ilikotengenezwa. Zinaonyesha tawi la shirika lililotoa namba hiyo. Kiwanda kinaweza kuwa bara jingine kabisa. Raha ya kweli iko mwishoni mwa namba. Chukua 4006381333931. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5 na kuendelea mpaka ya 13: unapata 21. Jumlisha za nafasi ya 2, 4, 6 mpaka ya 12: unapata 23, zidisha kwa tatu, 69. Jumla ni 90. Kwenye kila msimbopau wa tarakimu 13, jumla hiyo lazima iishie na sifuri. Tarakimu ya mwisho imewekwa makusudi kwa ajili hiyo, ili mashine ikisoma tarakimu moja vibaya ijue na kukataa. Jaribu kwenye kitu chochote kilicho karibu nawe sasa hivi. Ukikosa sifuri, umehesabu nafasi vibaya. Anza kushoto kabisa, maana ile tarakimu ya kwanza mara nyingi imechapishwa peke yake nje ya mistari na watu huiruka.

Ukitaka kumwambia mtu, usimrukie na "je, wajua". Mpe kitu mkononi. Mpe karatasi akunje mwenyewe, nawe unyamaze mpaka aulize.

Umeniuliza pia kama ni kweli pweza ana mioyo mitatu. Ni kweli. Miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja unaisambaza mwilini. Damu yake hubeba oksijeni kwa madini ya shaba badala ya chuma, ndiyo maana ni ya buluu, na kwa kuwa shaba haiibebi vizuri kama chuma, inahitaji kusukumwa kwa nguvu zaidi. Hilo huwezi kulipima mezani, kwa hiyo tafuta vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana. Mpaka hapo, hata kama nimekwambia mimi, liwekee duara.

Mama yako