Spiriti si dawa ya santuri

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba ameniachia santuri kama 300: LP (zile kubwa), zile ndogo, na chache nzito nyeusi. Fundi kaniambia nizifute zote kwa spiriti, nizipake mafuta ya nazi kidogo, halafu nizilaze kwenye kabati. Nikishamaliza, nizipange kwa majina ya bendi au kwa miaka? Msomaji, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Kama hiyo spiriti hujaigusa, usiiguse.

Hizo nzito, zinazovunjika kama kigae, bila shaka ni za mizunguko 78 kwa dakika. Nyingi za aina hiyo ni za shelaki, utomvu wa wadudu, si plastiki. Na shelaki huyeyushwa kwa spiriti; hivyo ndivyo maseremala walivyopata vanishi yao. Ukiifuta kwa spiriti unafuta na wimbo. Nimewahi kuletewa moja iliyokwisha "kutibiwa": upande mmoja bado unang'aa, wa pili umefanya utando wa kijivu, ukipitisha ukucha husikii mistari inayobeba wimbo. Niliiweka kwenye gramafoni, ukatoka mvumo mtupu. Mwenyewe alikuwa amekaa pale anasubiri sauti ya babu yake.

Spiriti ina kazi yake, kusafishia hedi ya redio kaseti. Mafundi wameizoea huko, sasa wanaimwagia kila kitu chenye muziki. Mafuta ya nazi nayo hung'arisha siku mbili, kisha yananasa vumbi, na sindano inalisukuma chini ya mistari likawa uji mweusi. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Iliyochafuka sana, kama ni ya plastiki, ioshe kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, ukifuata mzunguko, lebo isilowe.

Usizilaze. LP 100 na majalada yake ni karibu kilo 25, na ya chini ndiyo inayozibeba zote. Zisimame wima, mbali na dirisha na joto la bati.

Kupanga: tenga kwanza kwa ukubwa na mizunguko, ndipo uje kwenye bendi. Miaka iache, maana nyingi za mizunguko 45, zile ndogo, za kwetu hazikuandikwa mwaka. Ila majina ya bendi yana mtego. NUTA Jazz, JUWATA Jazz na OTTU Jazz ni bendi moja iliyobadilishwa jina, ziweke pamoja. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe utamkuta Morogoro Jazz, na kuanzia 1973 Super Volcano. Kwa hiyo fungua daftari: bendi, mwimbaji, wimbo wa kila upande, na namba iliyochapwa kwenye lebo. Kalamu isiguse lebo yenyewe.

Mafundi wengine huahidi kunyoosha santuri iliyopinda kwa pasi. Wengine hukuhamishia nyimbo kwenye flashi, kisha wanakushauri uziache kwao "maana hazina kazi tena". Wewe mwenye kasha la babu chini ya kitanda, uwe Magu, Sengerema au Ukerewe: fundi akifungua chupa kabla hajasoma lebo, chukua santuri zako uondoke.