Nimsifu vipi mbunge mwenzangu aliyefariki?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mbunge. Mwenzetu mmoja, Muislamu, aliyedumu bungeni kuliko sisi sote, amefariki, na nimepangiwa kuzungumza kwenye kikao cha taazia. Alikuwa chama kingine, na mara kadhaa nilimsema vibaya humo humo ukumbini. Alikuwa mtu wa vituko: kofia zake, mafumbo yake, vichekesho vya kuvunja mbavu, ingawa ulimi wake pia uliwaumiza watu. Je, nikimsifu nitakuwa mnafiki? Na vichekesho vyake nivisimulie ilhali ni msiba?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Simama useme, ndugu yangu. Kumtaja maiti kwa wema ulioushuhudia si unafiki. Anas (r.a.) amepokea kuwa lilipita jeneza, watu wakamtaja maiti kwa kheri, na Mtume (s.a.w.) akasema, "Imewajibika." Likapita jingine, wakamtaja kwa shari, akasema vilevile. Umar alipouliza, akamweleza kuwa wa kwanza imemwajibikia Pepo na wa pili Moto, kisha akasema: "Nyinyi ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi" (Bukhari na Muslim).

Basi wewe ni shahidi, na shahidi hasemi asichokiona. Wengi huteleza hapa: husimama wakatangaza kwamba marehemu hakuwahi kumkosea mtu, na aliowakosea wameketi mbele yao. Kama ulimwona akikesha na muswada wa sheria, au akimfundisha mbunge mgeni kanuni za bunge bila kujali chama chake, lisimulie hilo lilivyokuwa. Tukio moja la kweli linamtosha kuliko sifa kumi za kuazima.

Hukumu ya mwisho usiishike. Alipofariki Uthman bin Madh'un, Ummul-Alaa alishuhudia kuwa Mwenyezi Mungu amemkirimu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza amejuaje, kisha akasema yeye anamtarajia kheri (Bukhari). Uthman huyo ni sahaba aliyepigana vita vya Badri! Kwa hiyo sema "Mungu amlaze mahali pema", hiyo ni dua. Usiseme "yuko Peponi".

Vichekesho visikutie hofu. Alikuwapo sahaba aitwaye Abdullah, mashuhuri kwa kumchekesha Mtume (s.a.w.), na aliwahi kuadhibiwa kwa ulevi. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume akamkataza, akasema anachokijua ni kwamba anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake (Bukhari). Mwenye vituko ana nafasi yake katika umma huu. Simulia kofia, simulia mafumbo, watu wacheke. Ila usitie chumvi, na kichekesho kilichomdhalilisha mtu kiache kizikwe naye.

Aibu zake nyamazia. Mtume (s.a.w.) amekataza kuwatukana wafu, kwani wameshayafikia waliyoyatanguliza. Maamuzi yake ya hadharani yaliyowagusa wananchi yatajadiliwa siku nyingine panapo haja, kwa uadilifu.

Lililonigusa zaidi ni hayo uliyomsema. Kama ulimpinga kwa haki, huna deni. Kama ulimsengenya au kumzulia, tubu, na kama ulizusha jambo, likanushe waziwazi. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim, akifuata chaguo la mwalimu wake Ibn Taymiyya, ameeleza kuwa kafara ya usengenyaji ni kumwombea msamaha uliyemsengenya na kumtaja kwa wema mahali pale pale ulipomsema. Nawe umepewa ukumbi ule ule na kipaza sauti kile kile. Itumie fursa hiyo, na utamke mbele ya wote kwamba yaliyokuwa kati yenu umemsamehe.

Kisha nenda kwa watoto wake uwaulize kama ameacha madeni. Mtume (s.a.w.) alijizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile.

Wallahu a'lam.