Ukipewa kazi ya kuandika historia ya kwaya, anza na makaratasi

Mwaka jana katibu wa kwaya yetu aliniomba kurasa mbili tu. "Historia fupi, Mwalimu, ya kuweka kwenye kijitabu cha misa ya shukrani." Nikamwahidi Jumapili inayofuata. Nilimkabidhi baada ya miezi 5, na katikati hapo nilikuwa nimeshakosana na watu wawili ninaowaheshimu. Basi wewe uliyetwishwa mzigo kama huu, nisikilize.

Kwaya yetu ni ndogo, ya hapa Tabora mjini. Mvua isiponyesha tunafanya mazoezi chini ya mwembe kule Cheyo, na kinanda hatuna. Tunaimba nyimbo za kale: zile za Kigregori, na za sauti nne za akina Palestrina, Victoria na Byrd, watu wa miaka ya 1500. Halipwi mtu. Tuna muuguzi, fundi cherehani, walimu kadhaa, na besi letu kubwa ni mtu wa reli. Alipohamishiwa Kigoma tulikaa bila sauti ya nne, mpaka alipoanza kuja na treni kila Pasaka, dumu la mawese mkononi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuitisha kikao. Nilinunua soda, nikauliza: tulianza lini, na wimbo upi? Dada mmoja wa sauti ya pili akaapa kwamba anaukumbuka mwaka, kwa sababu alikuwa na mimba ya kifungua mimba wake. Jirani yake akamwambia hapana, ile ilikuwa mimba ya pili, mimi ndiye niliyekusindikiza kliniki. Kikao kikaishia hapo, na soda zangu zikaenda.

Tafuta makaratasi kwanza. Daftari letu la mahudhurio mchwa walikuwa wamekula nusu, lakini nusu iliyobaki ilinipa kitu ambacho hakuna aliyekitaja kikaoni: kila mwezi wa 11 na wa 12 majina yanapungua. Mvua za kwanza zimeanguka, watu wako shambani. Ndiyo maana hatujawahi kuimba Krismasi vizuri! Miaka yote tulikuwa tukimlaumu mwalimu wa kwaya.

Na wazee usiwahoji kama polisi. Tuna babu aliyetumikia altareni kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), enzi misa ni Kilatini. Nilipomuuliza maswali alijibu kwa kunihurumia. Nilipomwomba aimbe Kredo, yaani Nasadiki ya Kilatini, ile inayoitwa ya tatu, alifumba macho akaimba mpaka mwisho bila kitabu, na alipomaliza hadithi zikaanza kutoka zenyewe. Washa simu irekodi, halafu nyamaza. Mimi sikunyamaza. Alisema Kredo ile imetoka kwa Mitume. Nikamwambia vitabu vyenyewe vya nyimbo vinaiweka karne ya 17, hata Palestrina, aliyefariki 1594, hakuisikia. Hakuniaga siku hiyo.

Lakini hazina kubwa zaidi ni nota zenyewe. Usichukue nakala safi. Chukua zile chakavu, zenye alama za penseli. Sisi wengi tunasoma solfa, ile ya d r m iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza, kwa hiyo kila wimbo unaotufikia kwa mistari mitano lazima mtu akae auandike upya. Nilitandaza mkekani nakala zetu tatu za Ave verum corpus ya Byrd, ya zamani mpaka ya karibuni. Mwanzoni kabisa, kwenye silabi ya pili ya "Ave", nakala kongwe inampa sauti ya kwanza "se", yaani "s" (so) iliyopandishwa nusu sauti. Mara hiyo hiyo, neno linalofuata, besi anaingia na "s" ya kawaida. Nusu sauti inagongana na mwenzake, mlango kwa mlango. Nakala ya pili, "se" imefutwa kwa kifutio mpaka karatasi imetoboka. Ya tatu haina kabisa.

Mnakili alidhani ni kosa la uchapaji, akatusaidia. Kumbe Byrd aliuandika hivyo kwa makusudi, na ndiyo utamu wenyewe. Wimbo ulichapwa 1605. Yeye ni Mkatoliki katika Uingereza ambako misa ilikuwa imepigwa marufuku, na muziki wa namna hii ulikuwa ukiimbwa kwa siri majumbani, na waimbaji wachache. Niliposoma hivyo niliwahesabu watu chini ya mwembe: 9. Tusijione wanyonge.

Mnakili mwenyewe ni wa pili katika wale niliokosana nao. Sikumtaja jina kijitabuni, nikaandika tu kwamba nakala ya pili ilibadilishwa. Nakushauri ufanye hivyo: tobo la kifutio liandike, aliyetoboa mwachie nafasi ya kujisemea. Wiki mbili baadaye alikuja mwenyewe mazoezini, ameandika nakala ya nne kwa kalamu ya wino, "se" ameizungushia duara jekundu.

Sauti ya kwanza wameshaizoea. Besi letu, alipokuja Pasaka na dumu lake, alisimama ghafla baada ya "Ave" akauliza nani amekosea.